Roketi Iliyovaa Satini

2 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Salamu zitakuja baadaye, kwanza nimshtaki kaka yako.

Tangu kampuni imshushe kwenye kreni kwa sababu ya lile jicho la kushoto, kaka yako amehamia kwenye kochi. Asubuhi yuko kochini, jioni yuko kochini. Nikifagia anainua miguu, nikimaliza anaishusha, hayo ndiyo mazoezi yake ya siku. Mtu ambaye mtaa mzima unamwita Twiga kwa vile alivyozoea kukaa kule juu, leo balbu ikiungua ni mimi ninayepanda kwenye stuli!

Nisingekusumbua kwa habari ya mume kununa, maana hiyo si habari. Ila chuo cha ufundi kimemwandikia. Wanataka awafundishe vijana kazi ya kreni, kwa sababu, wamesema wenyewe, hakuna mtu katika mji huu aliyeinua mizigo muda mrefu kama yeye bila kuangusha hata msumari. Wanataka jibu kabla mwezi huu haujaisha, la sivyo watamchukua mwingine. Nikamsomea barua kwa sauti, nikatia na madoido yangu. Unajua alinijibu nini? "Kipofu afundishe nini, kupapasa?" Akageukia ukutani.

Wifi, ni jicho moja tu lenye ukungu. La pili linaona hata uzi nilioupoteza chini ya meza. Lakini yeye ameshajihukumu kwamba hafai kwa lolote. Nimembembeleza, nimegomba, nimenyamaza, wapi! Akiikataa kazi ile, namjua, hatainuka tena.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo, ikafa papo hapo. Ya kwake inakaa kwenye mkono wa kochi, na nyumba yetu ni vyumba viwili na pazia, nikimsema atasikia kila neno. Barua hii nampa dereva wa lori la vitambaa, anapita huko kwenu. Wewe ndiye uliyekua naye. Niambie mtu huyu anainuliwaje.

Wifi yako,
Fundi cherehani


6 Juni

Wifi,

Nisamehe kwa hizi alama za grisi. Nimeifungua barua yako nikiwa na mnyororo wa baiskeli mkononi, na sikuweza kungoja.

Kosa lako ni hilo la kubembeleza. Tangu utotoni, ukimwambia kaka "tafadhali" anakuwa jiwe. Ukimwambia "huwezi", hapo umemwasha moto. Niliwahi kumwambia hawezi kukirusha kiti cha baba kwa mpira wa tyubu. Akakirusha. Kilipotua hakikuwa kiti tena, na fimbo tulikula wote wawili, lakini wifi, uso wake siku ile ulikuwa uso wa mfalme. Huyo ndiye mtu tunayemtafuta.

Dereva amekuletea boksi. Lina kizibo cha mpira, valvu ya tyubu na pampu. Ndani yake kuna pia barua ya kumpa kaka. Wewe mpe tu, jitie hujui kitu. Akikuuliza, shona.

Wifi yako,
Fundi baiskeli


6 Juni (hii ilikuwa ndani ya boksi)

Kaka, shikamoo.

Hapa gereji nimetengeneza roketi kwa chupa ya soda. Unatia maji theluthi moja, unaziba kwa kizibo chenye valvu, unaigeuza chupa mdomo chini, kisha unajaza upepo kwa pampu mpaka kizibo kishindwe. Maji yanatoka chini kwa kishindo, chupa inapaa. Yangu ina mabawa manne na imevuka paa la gereji.

Nimekutumia vifaa vilivyobaki kwa kuwa mimi nimeshafaulu. Kama jicho halikuruhusu, usijilazimishe, gawa tu kwa majirani.

Mdogo wako,
Bingwa


12 Juni

Kwa mdogo wangu,

Marahaba.

Nimepokea takataka zako.

Kwanza, mabawa manne ni uzito wa bure. Matatu yanatosha, mradi yawe sawa.

Pili, umesema chupa yako imevuka paa. Hukusema imerudi vipi. Kwa hiyo najua imerudi vipi. Kupandisha kitu hata mjinga anaweza, kazi ni kukishusha. Yangu itashuka kwa mwavuli. Mwavuli utakunjwa ndani ya kichwa cha roketi, na kichwa hakitagundishwa wala kufungwa, kitapachikwa tu juu ya chupa. Roketi ikifika juu kabisa ikainama, kichwa kitateleza na mwavuli utatoka. Hayo hukuyafikiria.

Tatu, jicho. Siwezi kupima unyoofu kwa kutazama kama zamani. Nimetundika timazi kwenye dari na kila bawa nalipima kwa uzi wake. Linachukua muda lakini halidanganyi.

Wifi yako anasema hajui boksi limetoka kwa nani. Anashona huku anatabasamu peke yake. Mwambie mimi si mtoto.

Usinipigie simu. Niko kazini.

Kaka yako


17 Juni

Wifi wee!

Kochi limepoa! Njoo uone nyumba yangu, maana kwa maneno siwezi. Mfuniko wa ndoo yangu ya maji umekatwa mabawa. Mwavuli wangu mweusi, ule mzuri, umevuliwa nguo, umebaki mifupa mitupu. Mpini wa ufagio umekuwa nguzo ya kurushia. Dari imening'inizwa nyuzi, ukipita bila kuinama zinakupiga usoni. Na mimi nilivyo mjinga, kila kitu anachoharibu nafurahi.

Alipoimaliza ile chupa nikamwambia haiwezekani kitu kitoke katika nyumba ya fundi kikiwa na lebo ya soda. Nilikuwa na mabaki ya satini nyeupe, ya gauni la bi harusi niliyemshonea mwezi uliopita. Nikaishonea roketi gauni la kubana kuanzia juu ya mabawa, na kofia yake ya kichwani, na lesi kidogo chini, na vifungo vitatu vya lulu viwe madirisha. Kaka yako akalalamika uzito. Akaipima mkononi, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema, "Haya, Bi Harusi, tuone kama una adabu." Halafu akacheka. Kicheko chenyewe, wifi, kile cha tumboni! Nikakimbilia jikoni nikalia kidogo, nikasingizia vitunguu, na wala sikuwa nakata kitunguu.

Jumamosi hii saa kumi ndiyo siku. Kinyozi wetu wa hapa jirani amewatangazia wateja wake wote, kwa hiyo mji mzima unajua. Ni kwenye uwanja ulio nyuma ya maduka. Na sikiliza alichosema kaka yako, bila kuulizwa, mdomo umejaa chakula: "Huyu akipanda na kushuka salama, nitakwenda chuoni kwa miguu yangu mwenyewe." Nilikaza uso nisije nikaharibu. Kwa hiyo unajua sasa ile chupa imebeba nini.

Ameshaukunja mwavuli na kuuweka ndani, amesema hakuna kugusa tena mpaka Jumamosi. Bila shaka hakunikusudia mimi. Sasa hivi yuko bafuni, nimempitia Bi Harusi kwa ukaguzi wa mwisho, na ni vizuri nilimpitia, maana nimekuta kichwa kinachezacheza! Ukikigusa kidogo kinataka kutoka. Maskini, hakuona. Sikutaka kumvunja moyo, kwa hiyo nimetia nyuzi tatu za kuficha, kofia kwa gauni, nyeupe juu ya nyeupe, hata mimi mwenyewe sizioni. Sasa ameshikamana vizuri. Unanijua, kitu kilicholegea hakiwezi kupita mbele yangu.

Tuombee Jumamosi.

Wifi yako,
Fundi cherehani


20 Juni

WIFI, FUMUA!

Fumua, fumua, fumua! Barua yako imefika sasa hivi na leo ndiyo Jumamosi yenyewe! Kichwa kinatakiwa kichezecheze! Hicho ndicho mlango wa mwavuli! Kaka alinieleza yote kwenye barua yake, ina maana wewe hakukueleza? Mnakaa nyumba moja, mnazungumza nini?

Nimepiga simu. Amepokea yeye. Sijafika hata kwenye "shikamoo", amesema "Niko kazini!" akakata. Nimepiga tena, haipokelewi. Nimepiga mpaka wateja wangu wameanza kunionea huruma.

Najua barua hii haitawahi. Naandika kwa sababu siwezi kukaa, nimeshafungua gurudumu la mtu nikalifunga kinyume.

Kama mambo yameharibika, sikiliza. Mimi sitamwambia kaka neno. Mshono ni wako na mume ni wako. Ila usimwache alale na uongo kwamba ni jicho lake. Ataamini, wifi. Ataamini haraka sana.

Wifi yako


23 Juni

Wifi yangu,

Barua yako imefika leo. Bi Harusi ameruka Jumamosi.

Acha nikueleze alivyopaa, kwa sababu hilo hakuna wa kulifuta. Kaka yako alivaa ile fulana yake ya kazi, niliyokuwa nimeikunja chini kabisa ya sanduku. Sijui aliipata saa ngapi. Uwanja ulijaa. Kinyozi alikuja na mteja wake akiwa amenyolewa upande mmoja. Kaka yako akapiga pampu mwenyewe, pole pole, mpaka kizibo kikaachia, pwaa! Maji yakatulowesha wote tuliokuwa mbele, na Bi Harusi akaondoka. Wima, wifi! Hakupinda hata kidogo. Akapita paa za maduka, akapita tangi la maji la mtaa, satini inang'aa juani, watu wanapiga kelele "Twiga! Twiga!" Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Sijawahi kujivunia mtu vile tangu nizaliwe.

Mwavuli haukufunguka. Akashuka kichwa mbele, akapiga ardhi karibu na miguu yetu, bawa likakatika, kichwa kikabonyea kama kopo lililokanyagwa. Watu wakacheka. Si kwa ubaya, watu hucheka tu kitu kikianguka. Kaka yako akamwokota, akampangusa vumbi, akasema kwa sauti ndogo niliyoisikia mimi tu: "Gundi imeingia pembeni, sikuiona. Ni jicho." Akarudi nyumbani, akamsukuma Bi Harusi chini ya kitanda bila kumtazama tena, akakaa kochini.

Jana ameandika jibu la chuo. Anawashukuru kwa heshima waliyompa, anasikitika hataweza. Bahasha iko mezani. Kinyozi ataichukua kesho asubuhi akienda posta.

Na mimi siku zote hizi nilikuwa namhurumia! Nampikia anachopenda, namwambia mambo ya gundi hutokea, hata mafundi wakubwa huwatokea. Halafu leo naisoma barua yako nimesimama mlangoni. Kumbe ni mimi. Wifi, tangu nianze kushona hakuna mteja aliyewahi kunirudia na mshono uliofumuka. Watu wanavuka mafundi wengine watano kuja kwangu kwa hilo tu. Nikinyamaza, jina langu litabaki safi na mume wangu atabaki kochini akiamini mikono yake imekufa. Nikisema, mtaa mzima utajua kwamba fundi amemshona roketi mdomo kama gunia la mahindi, tena baada ya kukatazwa.

Sijui kwa nini nakuandikia kana kwamba utanijibu kabla ya kesho. Nimeshajua la kufanya, naogopa tu. Nasikia kochi linalia nyuma ya pazia kila anapogeuka.

Basi. Naenda.

Wifi yako


25 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, pamoja na ya zile barua zote ambazo hukuniandikia mimi.

Jumanne jioni wifi yako alitoka nyuma ya pazia amembeba Bi Harusi, akamweka juu ya bahasha yangu. Akasema, "Ng'oa kichwa." Nikamwambia aniache nipumzike. Akasema, "Ng'oa." Unaijua sauti yake ile.

Nikavuta. Hakikutoka. Nikaibana chupa kati ya magoti nikavuta kwa mikono miwili. Chupa ilijikunja, kichwa hakikutoka. Ndipo akaniambia. Alisema yote kwa pumzi moja, amesimama wima kama mtu anayengoja kufukuzwa kazi. Nikapapasa ukingo wa kofia kwa kidole. Hapakuwa na gundi. Palikuwa na uzi.

Kwanza nilikasirika. Nilisema hakuna kugusa. Alikubali kwamba nilisema. Nikagomba, naye akanyamaza, jambo ambalo si kawaida yake, na likaniharibia ugomvi.

Halafu nikaanza kufikiri. Kama ni uzi, basi si gundi. Kama si gundi, basi mabawa yalikuwa sawa, kichwa kilikuwa sawa, mwavuli ulikunjwa sawa. Roketi ilipanda wima kwa sababu niliitengeneza wima. Jicho langu halikukosea mahali popote. Nilikaa nikalirudia hilo moyoni mara nyingi, mdogo wangu. Sikuwa nimejua jinsi nilivyokuwa na njaa ya kulisikia.

Kisha nikafikiri jambo la pili. Roketi ile ilipita juu ya tangi la maji. Ikaanguka kichwa mbele. Bawa likakatika, kichwa kikabonyea. Uzi wa wifi yako haukusogea. Nikacheka mpaka akadhani nimerukwa na akili.

Asubuhi kinyozi alipokuja kuchukua bahasha nilimpa Bi Harusi. Nikamwambia ang'oe kichwa. Akashindwa. Nikatoka naye nje. Wifi yako alinishika fulana, akisema nitamwaibisha. Nikamwita yule mbeba saruji wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenye shingo pana. Akavuta mpaka jasho likamtoka, akashindwa. Watu wakasogea, wale wale waliocheka Jumamosi. Nikawaambia: "Mliuliza kwa nini mwavuli haukufunguka. Mke wangu alitia nyuzi tatu. Tatu tu! Roketi nzima imepaa na kuanguka, imeshindwa kuufumua mshono wa mke wangu. Haya, nani kati yenu ana mke wa namna hiyo?"

Wifi yako alijifunika uso kwa suruali ya mteja. Tangu wakati huo wazazi wanakuja na vitambaa vya sare za shule, wanataka suruali za kushinda watoto wao. Anajidai kuchoka, lakini anaimba.

Kuhusu chuo. Kichwa cha Bi Harusi kilikuwa kimekufa, kikahitaji karatasi ngumu ya kutengenezea kingine. Ile barua yangu ya kukataa niliiandika kwenye karatasi ngumu. Nimeikunja, imekaa vizuri chini ya kofia ya satini.

Leo nimekwenda chuoni kwa miguu. Habari ya jicho nilimweleza mkuu wa chuo mwenyewe, kabla hajaniuliza. Akasema anachokitaka kiko kichwani mwangu, si jichoni. Naanza mwezi ujao.

Bawa lililokatika nimelibadilisha. Mabawa yamebaki matatu.

Kaka yako


29 Juni

Kaka, shikamoo. Wifi, mambo?

Naandika barua moja kwa watu wawili, maana naona sasa mnazungumza.

Kaka, barua yako nimeisomea gereji nzima, nimepanda juu ya kreti ili nisikike. Nilipofika pale kwa mbeba saruji, mzee mmoja aliyeleta tyubu yake kuzibwa alipiga makofi. Sasa kila mteja akiingia namwambia: Twiga ni kaka yangu, na fundi wa ule uzi ni wifi yangu. Wasioniuliza nawaambia pia. Nimevimba kichwa, kofia haiingii.

Wifi, ile ilikuwa kazi ngumu kuliko kushona mahema, kusimama pale ukasema. Najivunia wewe kuliko roketi.

Na kwa kuwa tuko kwenye kusema kweli, chupa yangu haikuvuka paa la gereji. Ilinirukia tumboni. Kaka, manne ni mengi.

Wenu,
Fundi baiskeli


9 Julai

Wifi yangu,

Weka chini hilo gurudumu, ukae.

Jana ilikuwa siku yake ya kwanza chuoni. Alisema wanafunzi wataanza na somo la kushusha, kwa sababu kupandisha kila mtu anadhani anajua, na kwamba mwalimu wa somo hilo ni Bi Harusi. Halafu akaniambia nivae, kwani fundi wa gauni lazima awepo. Nikavaa lile gauni langu la bluu. Nilipofika nikakuta nimewekewa kiti mbele, karibu na mkuu wa chuo, watu wananiamkia, "Shikamoo mama." Upande wa pili wa uwanja imesimama kreni yao ya kujifunzia, kulabu yake inaning'inia juu, ndani hakuna mtu.

Kabla ya kurusha akaniita mbele ya wanafunzi wote. "Fundi, kagua kichwa." Nikakigusa. Kilikuwa kinachezacheza. Mikono iliniwasha, wifi, sikufichi, nilitamani sindano! Nikasema, "Kimelegea sawasawa." Nikarudi kukaa, nikaikalia mikono yangu.

Akaenda Bi Harusi. Akapaa wima kama siku ile, akafika juu, akainama kidogo, na kile kichwa kikateleza chenyewe taratibu, mwavuli wangu mweusi ukatoka ukafunguka. Nilisahau kupiga vigelegele. Alikuwa anashuka pole pole, anajizungusha kwenye lile gauni, na wanafunzi wote wametulia wanamtazama.

Upepo ukamsukuma. Akaenda akanasa kwa kamba zake kwenye kulabu ya kreni, juu kabisa, akabaki anabembea. Wakasema "aaah!" Kijana mmoja akaanza kukwea ili amfuate. Kaka yako akamwambia, "Rudi chini. Hapa hakuna anayepanda kufuata mzigo. Mzigo unashushwa." Kisha akamwita binti mmoja mwembamba aliyejificha nyuma tangu asubuhi, akamwambia akakae kwenye usukani, na fundi wa chuo akae pembeni yake. Binti akasema, "Mwalimu, mimi sijawahi." Akamjibu, "Najua. Niangalie mimi tu."

Sasa sikiliza, hapa ndipo nilipotamani ungekuwepo. Aliwaweka wanafunzi wawili upande wake wa kushoto. Akawaambia mbele ya watu wote, mbele ya mkuu wa chuo, bila kushusha sauti: "Upande huu sioni vizuri. Nyinyi mtaniambia umbali." Mtu aliyekuwa anageukia ukutani kwa ajili ya jicho hilo hilo! Akainua mkono. Kreni ikaunguruma. Wale wawili wanataja umbali, yeye anaonyesha kwa vidole, yule binti anafuata, na lile dude zima likaanza kuzunguka, likaja upande wetu. Mkuu wa chuo akavuta kiti chake nyuma. Mimi sikusogea.

Ikashuka, wifi. Ilishuka kwa utulivu kiasi kwamba lesi haikuyumba. Ikashuka mpaka Bi Harusi akawa mbele ya magoti yangu, na kaka yako akafumba ngumi, ikasimama hapo hapo. Chuma chote kile kilikuwa kimekuja kuniletea chupa ya soda. Nikasimama nikazinasua kamba, nikampokea kwa mikono miwili. Wanafunzi wakalipuka kwa makofi. Nililia waziwazi, sikutafuta kitunguu.

Nikamtazama kaka yako ili na yeye anitazame. Wapi! Ngumi yake bado iko juu, macho yako kwa yule binti, anangoja azime injini ndipo ashushe mkono. Kazi kwanza. Nimeolewa na mtu wa kazi, wifi, na nilikuwa nimeanza kusahau.

Niishie hapa. Kesho ana kipindi cha asubuhi na shati lake bado halijapigwa pasi.

Wifi yako,
Fundi cherehani